Bi Zimwi Amehamia Ghorofa ya Juu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka. Yuko kwa dada yake, mtaa wa pili. Amechukua begi la nguo, cherehani ya mkono na mkasi mkubwa. Mkasi ndio ulionitisha. Mwanamke anayeondoka na nguo atarudi zikichafuka. Anayeondoka na vifaa vya kazi amepanga kukaa.

Mlangoni alisema amechoka kusomwa. Kila neno analolitamka jikoni, kesho yake analikuta ukurasa wa kumi na nne, limetoka kinywani mwa zimwi jike mwenye meno mawili. Nikamwambia meno ni matatu. Hakucheka.

Mimi huchora katuni gazetini. Visanduku vitatu kila siku, isipokuwa Jumapili. Ni Zimwi na mkewe, Bi Zimwi, wale wale wa hadithi za bibi, ila wangu hawali watu. Wamepanga vyumba viwili, wanagombania blanketi, wanasubiri maji yatoke bombani. Zimwi hana mashabiki. Bi Zimwi anao mpaka wanamwandikia salamu. Na kila anachokisema Bi Zimwi, mke wangu amekisema kwanza. Sikumwibia. Nilikuwa nimekaa tu, nikasikia.

Kilichowasha moto ni katuni ya juzi. Wiki iliyopita mke wangu alinieleza jambo, machozi yakimlengalenga. Tangu mama yake afariki, kila akipika humtengea sahani yake, ile ya ukingo wa buluu. Kisha huirudisha kabatini kabla sijaingia, nisije nikadhani amerukwa na akili. Nilimshika mkono. Nikamwambia ni jambo la kawaida kabisa. Jumamosi, Bi Zimwi alimtengea marehemu mama yake sahani, na Zimwi akala chakula chote, na sahani juu. Watu wamecheka! Mhariri alinipigia simu kunipongeza. Pale kwenye chumba cha ushonaji anakofanya kazi mke wangu, wenzake waliikata wakaibandika ukutani.

Nimekaa nimewaza kilichomuudhi. Nimekipata: ni pua. Wino ulinizidi siku ile, Bi Zimwi akatoka na pua kama kiazi. Hakuna mwanamke anayekubali kuharibiwa sura mbele ya watu.

Kesho naipunguza.

Jumanne, 4 Machi

Pua imepungua. Simu haijalia.

Tatizo jingine. Bi Zimwi hana la kusema. Nimekaa mezani tangu asubuhi, penseli mkononi, namsubiri. Nyumba kimya. Chai nimekunywa bila sukari kwa sababu sijui sukari inakaa wapi. Miaka yote hii nilidhani inakaa mezani.

Mpango: maneno ya wanawake yako saluni, bure, yanamwagika tu. Nikaenda kukaa kwenye benchi la saluni ya hapo kona, nikajifanya nasoma gazeti. Msusi akaniuliza nimekuja kufanywa nini, maana nina upara. Nikasema namsubiri mke wangu. Akasema mke wangu alipita asubuhi, akaacha agizo: nikionekana hapo, watu wote wanyamaze.

Wakanyamaza. Wanawake saba na kikaushio cha nywele. Nikavumilia kidogo, nikaondoka na aibu yangu.

Katuni niliyopeleka: Bi Zimwi anakoroma. Visanduku vyote vitatu.

Jumatano, 5 Machi

Mhariri kaniita. Ofisini kwake kulikuwa bado na harufu ya mafuta ya cherehani. Nikajua nimechelewa.

Mke wangu alishafika, futi ya kupimia shingoni, akazungumza naye kiutu uzima. Bi Zimwi ni yeye, na maneno ni yake. Hataki tena yapitie kwangu. Mhariri wetu hatishiki kwa mawakili, lakini suruali zake anashonewa na mke wangu, na kiuno chake halisi ni siri ya watu wawili tu. Akakubali kabla chai haijapoa.

Uamuzi ni huu. Zimwi abaki kwangu. Bi Zimwi aende kwa Rula.

Kwa Rula!

Rula ni mchoraji wa katuni iliyo juu ya yangu, ukurasa huohuo. Mstari mmoja mweusi ndio unaotutenganisha, kama dari. Sungura wake ana nyumba za kupangisha na anadai kodi. Basi, hicho ndicho kichekesho, na anacho tangu alipoanza. Kila kitu anakichora kwa rula, hata mawingu, hata masikio ya Sungura. Hatusalimiani. Aliwahi kuazima kifutio changu cheupe akakirudisha cheusi.

Sasa mke wangu atamtungia maneno. Nilimwambia Mhariri kwamba Zimwi bila mke ni mtu aliyekaa kwenye kiti. Akasema basi nimchore amekaa.

Ijumaa, 7 Machi

Amehama kweli. Yuko juu. Kisanduku cha kwanza Sungura anafungua mlango, Bi Zimwi amesimama nje na godoro kichwani. Cha pili Sungura anamuuliza atakaa mpaka lini. Cha tatu anajibu: mpaka wa chini ajifunze kunyamaza mdomo ukiwa mtupu, maana ukiwa umejaa kila mtu anaweza.

Nilicheka kwa sauti. Ndipo nikakumbuka kwamba wa chini ni mimi.

Lakini pua! Rula kamchora pua ya pembetatu! Kwa rula! Ncha ingeweza kufungulia kopo. Nikafurahi kama mtoto. Nikajua kabla ya saa sita atakuwa amegombana naye na kufunga virago. Mchana nikapita chini ya dirisha la shemeji, yule dada yake, nikasimama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Walikuwa wanacheka, yeye na dada yake. Nilisimama mpaka ikaonekana wazi kwamba viatu vyangu havina kamba.

Sielewi. Pua ya pembetatu anaicheka, ya kwangu kaiondokea.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mkubwa. Nimeulalia, nimeuamkia, hauna tundu.

Yeye yuko juu, mimi chini, kati yetu ni mstari. Basi Zimwi atapanda ngazi. Kisanduku cha kwanza anaiegemeza. Cha pili amefika nusu. Cha tatu ngazi inapenya mstari, na mikono yake miwili inatokeza upande wa pili, sakafuni kwa Bi Zimwi. Bila neno hata moja. Hajapata kutokea mtu kuvuka mstari ule! Rula hataambiwa. Atafungua gazeti Jumatatu akute mikono ya mwanamume nyumbani kwa mpangaji wake.

Mikono ilinichukua siku nzima. Vidole havijawahi kunipenda. Zimwi wangu siku zote ameficha mikono mfukoni au nyuma ya sufuria, na wasomaji wanadhani ndiyo tabia yake. Leo nimechora vidole kumi, nikavihesabu mara mbili.

Nimempelekea mwenyewe mpanga kurasa, mzee wa makini, nikamsihi asikate vidole. Akaniahidi kwamba hata ukucha hautapungua.

Jumatatu, 10 Machi

Kweli, hakukata hata ukucha.

Jana jioni lilikuja tangazo la kampuni ya magodoro, kubwa, la kulipia. Mpanga kurasa akahitaji nafasi. Akamshusha Sungura mpaka mwisho wa ukurasa, mimi akaniacha palepale, na tangazo akaliweka juu yangu.

Kwa hiyo asubuhi hii, mbele ya macho ya nchi nzima, Zimwi ameegemeza ngazi, amepanda, na mikono yake miwili yenye vidole kumi imeshika ukingo wa godoro ambalo juu yake amelala mwanamke mrembo, anatabasamu. Chini yake maandishi makubwa: KARIBU MPENZI, UPUMZIKE.

Nimeketi na gazeti mapajani. Mwanamke ana pua nzuri, siwezi kukataa.

Muuza magazeti wa kona amenipa mkono. Kasema Zimwi hakukawia.

Jumanne, 11 Machi

Simu ndiyo hii inalia sasa. Kwanza shemeji: hongera, shemeji, na sisi tutaalikwa lini? Akakata. Kisha msusi, sijui namba yangu alipewa na nani. Kisha Mhariri, furaha tele. Kampuni ya magodoro inamtaka Zimwi kila Jumatatu. Nikamwambia ndoa yangu iko mashakani. Akasema ndiyo, na izidi kuwa hivyo, gazeti linanunuliwa mno.

Nikapita ofisini mchana kuona Rula kaandaa nini kwa kesho. Kaweka mezani bila kuficha. Sungura anambeza Bi Zimwi kwamba kule chini kuna mgeni kwenye godoro. Bi Zimwi anajibu: mwambie mgeni blanketi ni moja, na mvutaji ni mmoja.

Ni kweli. Mimi ndiye mvutaji. Miaka yote hii ameamka na baridi ya miguu, na hakuwahi kulisema ila kwa utani. Nilisimama pale mezani pa Rula nikacheka, kisha nikaacha. Nimemkumbuka mke wangu. Sina la kuongeza hapo.

Rula aliniangalia kidogo, akaendelea kupiga mistari.

Jumatano, 12 Machi

Nimechoka na ujanja. Nimeenda mwenyewe kwa shemeji, mlangoni, mchana kweupe, shati limepigwa pasi upande mmoja. Mke wangu alikuwa kazini. Afadhali.

Shemeji hakunikaribisha ndani ila hakunifukuza. Alikuwa anaanika nguo, akanipa beseni nishike. Nikamwambia nimetambua kosa langu na nimeshalirekebisha, na kuanzia sasa Bi Zimwi akirudi kwangu atakuwa na pua ndogo kuliko zote gazetini. Shemeji akanitazama kwa muda mrefu, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa. Akasema: pua gani, shemeji? Ni sahani. Mwenzio analia sahani.

Sahani!

Akaongeza kwamba watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini mimi namjua dada yake na bado nammaliza. Sehemu hiyo sikuisikiliza vizuri, kwa sababu kichwa kilishaanza kufanya kazi. Kumbe jambo lenyewe jepesi hivi! Aliondoka na mkasi na cherehani, akasahau vyombo. Kwa dada yake watu wengi, sahani hazitoshi. Na yeye si mtu wa kuomba.

Nimekimbia nyumbani. Nimezitoa kabatini sahani zote, za kila siku na za wageni, nimezifunga moja moja kwenye magazeti ya zamani, nimezipanga kwenye boksi, nimefunga kamba. Nimeliacha mlangoni kwa shemeji, nikagonga, nikaondoka upesi ili isionekane kama najisifu.

Leo nitalala vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala.

Shemeji alipiga simu alfajiri. Mke wangu alirudi kutoka kazini, akakuta vyombo vyake vyote vya ndoa vimefungwa kamba, vimetupwa mlangoni. Akadhani nimemtolea vitu. Alikaa sakafuni akazifungua sahani moja moja, na kila moja imefungwa kwa ukurasa wa kumi na nne. Hakusema neno. Yeye, hakusema neno! Shemeji akasema sikio la kufa halisikii dawa, na ameishiwa dawa.

Nikajaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Akakata simu.

Nimekaanga mayai nikayala ndani ya kikaango, maana sahani sina. Nikafungua kabati nitafute japo kisosi. Huko nyuma kabisa, imesimamishwa ukutani, ilikuwa ile ya ukingo wa buluu. Ya mama mkwe. Jana sikuiona.

Mama mkwe alinipenda kuliko nilivyostahili. Akija hapa hakuwa anaketi mpaka mimi nimeketi.

Niliitoa. Nikaiweka mezani, upande anaokaa mke wangu, karibu na dirisha. Nikaweka na kijiko. Nikakaa mbele yake nikamaliza mayai yangu polepole. Kisha nikasikia viatu kwenye ngazi. Nikainyakua sahani nikairudisha kabatini mbio, mtu asije akanikuta. Alikuwa jirani, anapita kwenda kwake.

Sijui kwa nini niliificha. Nilisimama, mkono kwenye mlango wa kabati, nikajiona mjinga.

Muda wa kupeleka katuni ulikuwa unaisha, na kichwani hamna kitu. Kabisa. Nikachora hicho hicho. Kisanduku cha kwanza: Zimwi anakula kwenye kikaango, mbele yake sahani tupu na kijiko. Cha pili: anasikia viatu. Cha tatu: sahani iko kabatini, Zimwi amesimama, mkono bado kwenye mlango wa kabati. Maneno hakuna. Kichekesho hakuna. Ila sikukubali kwenda mikono mitupu: ukutani nilitundika picha ya harusi yao, na hapo Bi Zimwi nimemchora pua nyembamba kama sindano. Hiyo ndiyo kazi ya maana katika katuni nzima.

Mhariri kasema haichekeshi. Kasema ataitoa kwa sababu tu hana kingine cha kujazia.

Ijumaa, 14 Machi

Imetoka. Hakuna aliyepiga simu. Muuza magazeti hakunitania. Kanipa chenji yangu akaniuliza kama nimekula.

Ofisini nilimkuta Rula amesimama na ukurasa wa kumi na nne mkononi. Alikuwa anautazama muda mrefu. Aliponiona alikohoa, akakunja gazeti, akafuta macho, akasema vumbi la ofisi hii litatuua. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akanisifia. Alisema pua imekaa vizuri.

Nilijua! Mchoraji humjua mchoraji mwenzake.

Katuni yake ya kesho haina Sungura. Bi Zimwi amekaa peke yake sakafuni, ameegemeza sikio chini, anasikiliza. Hana neno lolote. Nikamuuliza Rula kama mke wangu amegoma kumtungia. Akasema hapana, ndivyo alivyotaka iwe.

Simwelewi huyu mwanamke.

Jumapili, 16 Machi

AMERUDI!

Nilikuwa najaribu kufua shati kwa sabuni ya vyombo. Mlango ukafunguliwa kwa ufunguo. Begi, cherehani, mkasi, na nyuma yake shemeji amebeba boksi la sahani, amenuna. Nilikuwa nimetayarisha hotuba tangu Jumatatu ya kwanza. Yote ikanipotea. Nilichoweza kusema ni: umeona pua?

Akanitazama. Akamtazama dada yake. Shemeji akaweka boksi chini akaondoka bila kuaga, mabega yanamtetemeka.

Mke wangu alienda moja kwa moja kabatini. Akaitazama sahani ya mama yake, akaigeuza, akaipangusa kwa kitambaa chake, akairudisha. Kisha akaja akaniegemea kifuani, na mimi na mikono yangu yenye povu, sikujua niiweke wapi, vidole kumi vyote. Tulisimama hivyo mpaka povu likakauka. Nilitaka kumwambia nimemkumbuka. Nikamwambia. Akasema na yeye, ila nisijivune.

Akaniwekea sharti. Yanayosemwa ndani ya nyumba hii yabaki ndani ya nyumba hii. Bi Zimwi atakaa ghorofa ya juu kwa Rula, maana mkataba ni mkataba, lakini atakuwa anashuka Jumamosi kumsalimia mumewe. Nimeapa. Nimeapa kwa jina la Mungu na kwa mama mkwe. Nilimaanisha kila neno.

Alienda kunawa uso. Alikaa huko chooni kitambo kidogo. Alipotoka akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akatazama shati kwenye ndoo, kikaango mezani, sukari iliyomwagika sakafuni (niliipata Alhamisi, ilikuwa juu ya friji). Akasema: nyumba hii inanuka mwanamume ambaye hajaulizwa kitu na mtu.

Ee Mungu wangu. Ambaye hajaulizwa kitu na mtu! Visanduku vitatu vilijipanga vyenyewe machoni pangu.

Nikamwambia tumbo limenivuruga, ni mayai. Nikaingia chooni nikafunga komeo. Penseli yangu huwa nyuma ya kopo la sabuni. Nikapapasa. Nikashika kitu bapa. Kipande cha chaki ya fundi, ya buluu, ya kuchoria vitambaa. Chaki imefika vipi hapa? Nikageuka. Nyuma ya mlango, kwa mwandiko wa mke wangu, na chaki yenyewe bado unga unga: "Umeona pua?"

Nikakaa nikausoma mara mbili. Mstari mzuri sana. Mfupi, una uchungu, una kichekesho. Ilinichukua muda kukumbuka ni nani aliyeusema.

Mimi! Maneno yangu mwenyewe, nimeyatamka nyumbani kwangu, na ameshayatayarisha kwa Rula! Watu wengine hawana haya.

Nimeunakili upesi kwenye karatasi, na chini yake ule wa kwake wa nyumba kunuka, kisha nimeufuta wa mlangoni kwa kiwiko cha shati. Kesho naamka mapema nimwahi Mhariri kabla yake. Na Bi Zimwi akishuka Jumamosi, pua nitaipunguza tena kidogo. Tahadhari kabla ya hatari.